Masika na Paka wa Marikiti: Kuwatunza Nyumbani na Kukisaidia Kituo cha Wanyama

Mvua za masika, ambazo wazee wetu wa Mvita waliziita mvua za mwaka, huanza kunyesha Mombasa mwishoni mwa Machi na kupungua Juni. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Mitaro ya Mji wa Kale hufurika, vichochoro hugeuka vijito, na kila anayepita Marikiti asubuhi hukutana na jambo lile lile: boksi la karatasi lililolowa, au gunia limefungwa mdomo, ndani watoto wa paka wanalia.

Anayewaleta hapo si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni mtu aliyeona haya kuwaua na hana uwezo wa kuwalea, akajiambia kwamba sokoni kuna mabaki ya nyama na samaki, kwa hivyo hawatakufa njaa. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hiyo si sahihi, namna ya kumtunza paka msimu huu wa mvua, na namna mtu wa kawaida anavyoweza kukisaidia kituo cha wanyama bila kuwa tajiri.

Kwa nini Marikiti si makao ya mtoto wa paka

Marikiti, ambayo jina lake rasmi ni Soko la Mackinnon, ilifunguliwa mwaka 1914. Tangu hapo imekuwa ghala la chakula la kisiwa: matunda, mboga, viungo, na mabucha ya jirani. Palipo na chakula pana panya, na palipo na panya pana paka. Kwa hivyo paka ana haki yake ya kuwa pale, na wauzaji wengi humtupia kichwa cha samaki bila kuombwa.

Lakini yule unayemwona anapita chini ya meza akiwa mnene ni mmoja aliyebaki kati ya wengi. Mtoto wa paka wa wiki tatu hawezi kula kichwa cha samaki. Bado ni wa kunyonya. Hawezi hata kujipasha joto mwenyewe akilowa. Wale wakubwa, hasa paka shume, humfukuza. Juu ya hayo kuna mikokoteni, pikipiki, na sumu ya panya inayouzwa na wachuuzi mitaani. Paka akila panya aliyekula sumu, naye huingiwa na sumu ile.

Katika nchi za kaskazini paka huzaa zaidi majira ya machipuko, kwa sababu urefu wa mchana ndio unaoamsha joto la paka jike. Huku kwetu karibu na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hivyo paka anaweza kuzaa mwezi wowote. Mvua huzidisha mauti tu: waliozaliwa Februari chini ya ngazi kavu, Aprili hujikuta ndani ya maji.

Paka wa nyumbani msimu wa mvua

*Mahali pakavu.* Boksi lililotandikwa leso kuukuu, likainuliwa kidogo kutoka sakafuni, latosha. Nyumba za mawe za Mji wa Kale hushika unyevu ukutani, basi usiweke kitanda cha paka kwenye kona yenye ukungu. Akirudi amelowa, mkaushe kwa taulo, usimwache ajikaushe kwa upepo wa kusi.

*Viroboto na kupe.* Unyevu na joto huwafanya wazaane upesi. Mchane kwa kitana chenye meno ya karibu. Ukiona chembe nyeusi kama majani ya chai, zidondoshe juu ya karatasi nyeupe iliyolowa. Zikitoa wekundu, basi hicho ni kinyesi cha viroboto. Fua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, kwa sababu mayai mengi ya viroboto hayako mwilini mwa paka bali sakafuni na kwenye mazulia.

Hapa pana onyo kubwa: usimpake paka dawa ya kupe ya mbwa au ya ng'ombe. Dawa nyingi za mbwa zina pemetrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Paka hutetemeka, huanguka, na huweza kufa kwa siku moja. Nunua dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka, na mtaje uzito wake kwa muuzaji.

*Minyoo.* Mtoto wa paka huweza kupata minyoo kupitia maziwa ya mamake. Desturi ya madaktari ni kumpa dawa kila wiki mbili tangu akiwa na wiki tatu hivi mpaka afikishe wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Tumbo lililofura kwenye mwili uliokonda si dalili ya shibe.

*Chanjo.* Chanjo ya mafua ya paka na panlukopenia, ugonjwa unaofagia watoto wa paka kwa kuhara na kutapika, huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi afike wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu.

*Chakula.* Paka ni mla nyama. Wali uliochanganywa na dagaa waliochemshwa bila chumvi ni bora kuliko wali na mchuzi. Usimpe mabaki yenye kitunguu maji au kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo sote tumelelewa tukiamini ndiyo chakula cha paka, huwaharisha wengi wao wakishakuwa wakubwa. Maji safi ndiyo kinywaji chake.

*Dawa za binadamu.* Usimpe paka panadoli. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua paka mzima. Akiwa na homa, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ukikuta watoto wa paka kwenye mvua

1. Usiwachukue papo hapo, ila kama wako ndani ya maji, wamefungwa kwenye gunia, au wako hatarini. Mama yao huenda amekwenda kutafuta chakula. Waangalie kwa mbali kwa saa mbili tatu.
2. Mama asiporudi, wapashe joto kabla ya kuwalisha. Mtoto wa paka aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa yatosha, bora wawe na nafasi ya kusogea mbali nayo.
3. Usiwape maziwa ya ng'ombe. Kuna maziwa maalumu ya watoto wa paka kwa madaktari wa mifugo. Mnyonyeshe akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mamake. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni.
4. Kila baada ya kunyonya, mpanguse sehemu za nyuma kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Akiwa mdogo hawezi kukojoa bila kuamshwa hivyo, mamake humlamba.
5. Macho hufunguka kati ya siku 7 na 14. Wakiwa na wiki nne waanze chakula laini. Usimtenge mtoto na mamake kabla ya wiki nane.

Kazi hii ni nzito, kwa kuwa wiki ya kwanza hunyonya kila saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ndiyo sababu kituo cha wanyama huomba watu wa kulea kwa muda majumbani mwao, na ndiyo sababu kuwazuia wasizaliwe ni rahisi kuliko kuwaokoa.

Hofu mbili zinazowafanya watu wawatupe paka

Ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Hofu hii ina msingi, kwani ugonjwa huu ukishaonyesha dalili huua karibu kila anayeupata. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, lakini paka naye aweza kuambukizwa na kuambukiza. Kenya ilianza mpango wake wa kuutokomeza mwaka 2014, ikilenga kuumaliza ifikapo 2030, na silaha kuu ya mpango huo ni kuchanja mbwa kwa wingi. Ukiumwa au ukiparurwa na mnyama usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba.

Ya pili ni mimba. Bibi anapopata ujauzito, mara nyingi shauri la kwanza ni "mtoeni paka." Kinachoogopwa ni ugonjwa wa toksoplasmosisi, na kweli waweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini vimelea vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine wa nyumbani akisafisha mahali pa choo cha paka kila siku, hatari hupungua sana. Na nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa vizuri nazo huleta ugonjwa huo huo. Paka wa nyumba haingwa, ndivyo wasemavyo wahenga. Na kwa hili hakuna haja ya kumwinga.

Hesabu ya paka mmoja, na suala la dini

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au hata minne. Mimba huchukua siku 63 hadi 65. Akizaa mara tatu kwa mwaka, watoto wanne kila uzao, hao ni kumi na wawili, na yumkini nusu yao ni majike watakaozaa kabla ya mwaka kwisha. Mtaa mzima ukilisha kwa moyo mwema bila kuzuia uzazi, chakula kile kile hugawanywa kwa midomo mingi zaidi kila msimu, na ziada huishia kwenye maboksi ya Marikiti.

Dawa yake inajulikana: kumhasi dume na kumfunga kizazi jike, kisha kumrudisha mahali pake. Jike hukoma kuzaa, dume hupunguza mapigano na kelele za usiku, na wakibaki mtaani hulinda eneo lao wasiingie wageni. Ukiona paka wa mtaani amekatwa ncha ya sikio sawasawa, hajajeruhiwa. Hiyo ni alama kwamba ameshafanyiwa upasuaji. Uturuki ilitia utaratibu wa kufunga kizazi, kuchanja na kurudisha katika sheria yake namba 5199 ya mwaka 2004, na ingawa mwaka 2024 ilibadilisha kanuni kuhusu mbwa, paka wa Istanbul wangali mitaani mwao.

Wengi wetu tunasita kwa sababu ya dini, na suala hili linastahili kujibiwa kwa heshima. Ubora wa kumtendea wema paka hauna mjadala. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Na Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe, akaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi.

Katika kuhasi, wanavyuoni wamekhitalifiana. Imam Nawawi, ambaye kauli yake ina uzito katika madhehebu ya Shafi tunayoifuata wengi wa Pwani, alikataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wanavyuoni wa Hanafi waliruhusu penye manufaa na pasipo madhara. Wengi wa zama hizi wameruhusu pale ambapo wanyama wamezidi na njia nyingine ni kuwaua au kuwaacha wateseke, kwa sharti lifanywe na daktari na kwa ganzi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini amuulize swali lote: si "yafaa kuhasi paka?" peke yake, bali pia "yafaa kuwaacha wazaliwe kisha tuwatie guniani?" Hili la pili hakuna sheikh atakayelihalalisha. Hata sheria ya nchi, Sura ya 360 kuhusu ukatili kwa wanyama, inakataza kumtesa mnyama.

Kukisaidia kituo cha wanyama

Shirika la Kenya la Kulinda na Kutunza Wanyama, linalojulikana kwa herufi KSPCA, lina mizizi ya mwaka 1910 na lina tawi hapa Mombasa. Mashirika kama haya hupokea wanyama waliotupwa, waliogongwa na gari na walioteswa, huwatibu, huwafunga kizazi na kuwatafutia nyumba. Hutegemea michango. Masika ndiyo huwa yanalemewa, na yanachohitaji si pesa tu:

- Vitu vya nyumbani. Magazeti ya zamani, leso na shuka chakavu, taulo, maboksi makavu, ndoo, sabuni ya unga. Mchele, dagaa na unga hupikwa. Piga simu kwanza uulize kinachopungua wiki hiyo.
- Gharama ya upasuaji mmoja. Watu watano wa baraza moja wakichanga, wamelipia paka jike mmoja. Huo ni msaada unaodumu kuliko gunia la chakula.
- Malezi ya muda. Chumba kimoja kikavu kwa wiki nne, hadi watoto wa paka wafikie umri wa kuchukuliwa.
- Usafiri na nguvu. Mwenye tuktuk akijitolea asubuhi moja kwa mwezi kubeba paka kutoka Kibokoni au Kuze hadi kwa daktari, ameondoa kikwazo kikubwa.
- Kumchukua paka wa kituoni. Badala ya kununua mwenye manyoya marefu anayeteseka kwa joto letu, chukua aliyezaliwa hapa. Kabla hajaletwa, angalia roshani na madirisha ya ghorofani yasiyo na wavu.

Mambo mawili yasiyosaidia: kuacha boksi la paka usiku mlangoni mwa kituo bila kumwambia mtu, na kutuma pesa kwa nambari yoyote iliyosambazwa mitandaoni. Hakikisha nambari ya malipo ofisini kwao, na uombe risiti.

Kuna wanaouliza: "Kituo kina mbwa, nami nachunga twahara, nitasaidiaje?" Kutoa pesa, chakula au blanketi hakukutii najisi. Na katika Hadithi sahihi yumo mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Kwamba jambo hili lawezekana Pwani, Lamu ni shahidi. Mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kliniki ya punda pale mjini, na punda wakatibiwa bila wenyewe kutozwa. Wala fikra ya kutenga mali kwa ajili ya wanyama si ya Kizungu. Inasimuliwa kwamba Sultan Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka 1277, aliacha bustani iwe wakfu kwa paka wa Cairo. Sisi ni watu wa wakfu; misikiti na visima vyetu vingi vimesimama kwa wakfu. Nyumba ndogo au duka moja likitengewa kazi hii, pato lake lingelipia upasuaji mwaka hadi mwaka.

Wajibu wa kaunti, na tarehe ya kukumbuka

Kituo cha wanyama si kazi ya wafadhili peke yao. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, imezipa kaunti jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Ustawi na hifadhi vimetajwa. Kuwaua kwa sumu na risasi hakukutajwa.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Yaani bajeti hujadiliwa wakati ule ule watoto wa paka wanapolowa Marikiti. Kwenye vikao vya kuchukua maoni ya wananchi tumezoea kudai taa, mitaro na zahanati, na ni haki. Basi mtu mmoja ainuke aombe pia kampeni ya chanjo na kufunga kizazi kwa wadi za kisiwani, yenye fungu lake na siku zake.

Kwa mtaa unaotaka kuanza bila kungoja, mpango ni mfupi. Wahesabuni paka wa kichochoro chenu. Teueni mtu mmoja wa kuwalisha saa ile ile kila siku, ili wazoee na wawe rahisi kukamatwa. Zungumzeni na daktari wa mifugo aliyesajiliwa kuhusu bei ya wengi kwa pamoja. Anzeni na majike. Andikeni nani ameshafanyiwa na lini. Mkifanya watano kabla ya mvua za vuli, masika ijayo kichochoro chenu hakitakuwa na boksi la kupeleka Marikiti.